Koti Lililopakwa Upande Mmoja

Kopo lenyewe ni la mafuta ya kupikia, lile la bati la zamani, na maandishi yake yameshafutika. Nililichukua nyumbani Mbulumbulu baada ya kumzika mama, nikalifunga ndani ya kanga, nikaja nalo hapa Arusha. Nimeliweka juu ya kabati la jikoni. Asubuhi halina neno. Lakini jua la mchana likishapiga paa na jikoni kukawa na joto, linaanza kutoa harufu: nta, moshi, na kwa mbali mafuta ya kondoo. Wanangu wanasema kunanuka zizi. Mimi huacha ninachofanya nikasimama. Kwa muda mfupi huwa naamini kabisa kwamba nikigeuka nitamkuta mama kwenye kigoda, koti la baba limelala mapajani mwake kama mtoto mgonjwa, na ataniambia nishike mkono wa koti niuvute unyooke.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, na sasa napika kwenye shule moja hapa mjini. Kwa hiyo nitakusimulia kama ninavyokumbuka, na pale nisipokumbuka nitasema.

Ukipanda kutoka Karatu, ukayapita mashamba ya ngano na maharage, unafika mahali shamba linapoishia na msitu kuanza, hakuna kitu katikati. Kwetu ni hapo. Tukiwa wadogo tulilala tukisikia mbega wakiunguruma, na mahindi yakikomaa tulisikia watu wakipiga madebe kufukuza tembo. Ng'ambo ya msitu ndiyo Ngorongoro. Wengi wanaofika mara ya kwanza huja na kaptula, wakidhani huku kwetu kote ni joto. Hawajui ukungu wa kule juu. Ule haunyeshi, unakaa tu juu yako, na ukija kushtuka nguo ya ndani imeshalowa na hukumbuki umelowa saa ngapi.

Baba alikuwa kiongozi wa wageni wanaotembea kwa miguu. Siyo wale wa magari. Aliwatoa Nainokanoka, akawapitisha Olmoti, akawafikisha Empakai kwenye ile kreta yenye ziwa chini, wakalala huko kwenye mahema. Mizigo ilibebwa na punda, na punda walikuwa na mwenyewe, baba mmoja wa Kimasai mwenye kicheko kikubwa, rafiki wa baba tangu ujana wao. Sisi watoto tulimwita Baba Punda na yeye aliitika bila kinyongo.

Mimi sikuwa nimeanza shule baba alipougua kichomi mara ya kwanza. Alitoka safari ya masika akiwa amelowa siku zote walizotembea, akalala, akaamka hawezi kuvuta pumzi. Ninachokumbuka ni sauti yake tu, kama mtu anayesukuma meza nzito chumba cha pili. Alipopona, mganga wa zahanati alimwita mama pembeni. Mama alilirudia neno lile maisha yake yote, kwa hiyo nalijua kama vile nililisikia mwenyewe: "Mapafu yamebaki na kovu. Huyu asilowe kifua tena. Akilowa tena sitakuahidi kitu."

Baba hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Shamba letu lilikuwa dogo, na yeye miguu yake ilikuwa imezoea njia. Alirudi kazini. Basi mama akaamua kwamba kama hawezi kumzuia baba asiende kwenye mvua, ataizuia mvua isimfikie baba.

Alianza na viatu. Baba alikuwa na buti za ngozi alizopata kwenye mnada wa Karatu, kwenye mitumba, nzito, za kahawia, soli nene. Mama alikuwa amewaona wazee wakipaka ngozi mafuta ya mkia wa kondoo ili ilainike isipasuke, na alijua mafuta na maji hayapatani. Akayayeyusha, akazipaka buti zile mpaka zikawa zinang'aa kama zimetoka kuzaliwa. Ukizimwagia maji yanakimbia. Baba akaondoka nazo akiwa na furaha.

Huko Empakai, desturi ya kambi ni kwamba viatu vyenye tope havilali ndani ya hema. Baba akaziweka mlangoni. Usiku fisi akaja akachukua moja.

Habari tuliletewa na Baba Punda mwenyewe, ambaye alitangulia kufika nyumbani. Mama alikuwa anapepeta maharage. Baba Punda alisimama na fimbo yake, akajitahidi kukaza uso.

"Shemeji, kuna mtu kule juu anakusalimu."

"Nani?"

"Fisi. Anasema kiatu kilikuwa kitamu, ila chumvi haikutosha."

Mama alidhani ni utani, mpaka baba alipotokea njiani, mguu mmoja una buti na mwingine umevaa kiatu cha tairi cha Baba Punda, amechechemea hivyo tangu kreta. Baba Punda alicheka mpaka akakaa chini. Baba alicheka. Mama hakucheka. Aliweka ungo chini, akamfuata baba, akaingiza mkono wake kwenye kola kwa nyuma, akaushusha mgongoni katikati ya mabega, kisha chini ya kwapa, kisha kifuani. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo.

"Pakavu," akasema.

"Basi nipe chai," akasema baba.

Tangu siku ile ikawa hivyo kila alipotoka safari. Sikuwahi kuwasikia wakisalimiana vinginevyo. Watu wengine huulizana habari za safari, habari za huko, mmeamkaje. Wao ilikuwa ni ule mkono. Baba alifika mlangoni, akafungua vifungo vya juu, akasimama akiangalia pembeni kama ng'ombe anayechanjwa. Mama alitoka jikoni, mkono wake ukiwa wa moto kwa kukaa karibu na mafiga, akauingiza. Palipokuwa na unyevu alisema "Vua," na shati lililopashwa moto lilikuwa tayari kwenye kamba juu ya meko. Palipokuwa pakavu, chai.

Baada ya mambo ya fisi, mama alimwendea jirani yetu mzee aliyekuwa na mizinga pembezoni mwa msitu. Mzee yule alikuwa akishakamua asali anatupa masega, au anawapa watoto watafune. Akampa mama masega na akamfundisha kuyachemsha na kuyachuja kwenye gunia mpaka nta ibaki peke yake, ya manjano, imeganda juu ya maji kama mtindi.

"Nta haina harufu ya nyama," alimwambia mama. "Fisi hataitaka."

"Sasa nitaletewa nyegere anayefuata asali," akasema baba. Na kweli, tangu wakati ule mpaka anaacha kazi alilala na buti zake chini ya kichwa.

Nta peke yake ilikuwa inakatika ngozi ikikunjwa, kwa hiyo mama alirudisha mafuta ya kondoo kidogo, safari hii akiyachemsha kwa muda mrefu na kuyaacha juu ya moshi mpaka yakapoteza harufu ya nyama. Kiasi gani, sijui. Nakwambia kweli, sijui. Hakupima. Alichovya kijiti, akaacha tone lidondoke juu ya ukucha wa kidole gumba, akalisubiri lipoe, akalisukuma na kidole kingine. Likivunjika, anaongeza mafuta. Likipakaa, anaongeza nta. Nilimwangalia akifanya hivyo miaka yote ya utoto wangu na sikuwahi kuuliza, kwa sababu ukiwa mtoto unadhani mama yako ataendelea kuwepo kufanya anachofanya.

Siku ya kupaka ilikuwa Jumapili, tukitoka kanisani, baada ya kula. Mara nyingi ilikuwa makande na maziwa ya mgando. Mama alitoa makaa kwenye meko akayaweka juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, akaketi nje ukutani ambako upepo haufiki. Zamu ya kwanza ilikuwa ya koti.

Koti lile unapaswa ulione. Lilikuwa la turubai, rangi ya majani makavu, refu mpaka magotini, limetengenezwa kwa ajili ya mtu mnene kuliko baba. Nalo lilitoka kwenye mitumba. Mama alilipaka kwa kitambaa cha sufu, akianza kola, akishuka begani, akisugua kwa mduara. Kazi yangu ilikuwa kuvuta nguo ibane, na yeye akishapaka sehemu moja tunaishikilia juu ya makaa, mbali kidogo, mpaka nta iliyoganda juu izame ndani ya nguo. Kwenye mishono alipaka mara mbili. "Maji ni mwizi," alikuwa akisema, "hapiti mlango, anapita kwenye mshono." Kaka yangu alikuwa anapewa buti. Hizo hazikwenda kwenye makaa hata kidogo, kwa sababu ngozi ikikaushwa kwa moto inapasuka. Alizijaza maganda makavu ya mahindi ili yanywe unyevu wa ndani, na asubuhi anayatoa na kuweka mengine, na zikishakauka hivyo taratibu ndipo zinapakwa, ulimi wa kiatu ukivutwa nje, na kamba zikipitishwa kwenye nta moja moja.

Mwisho mimi ndiye niliyepewa kikombe. Baba alivaa koti akasimama katikati ya uwanja, akanyoosha mikono kama sanamu ya kufukuza ndege shambani, na mimi nikapanda juu ya kigoda nikammwagia maji begani. Maji yalijikusanya yakawa shanga, yakateremka yakadondoka, na koti likabaki kama lilivyokuwa. Baba alijifanya ana baridi, anatetemeka, anaomba msaada. Mama alisema, "Mwagia na huku nyuma, usimwonee huruma." Kama kuna siku moja ya utoto ningerudishiwa, ningechagua Jumapili mojawapo ya hizo, yoyote tu, pamoja na ule moshi wa nta uliokuwa unaniumiza macho.

Miaka ilikwenda hivyo. Baba hakuugua. Wenzake wa kazi walikohoa, wakalala, wengine wakaacha kazi, na yeye alirudi kila mara na kifua kikavu. Baba Punda alisema shemeji yake anamfuga mumewe kama ndama wa kwanza.

Kisha mgeni mmoja alimpa baba jaketi.

Nilikuwa darasa la tano au la sita. Mgeni alikuwa anarudi kwao na hakutaka kulibeba. Lilikuwa jekundu, jepesi, ukilikunja linaingia kwenye mfuko wa suruali. Jirani zetu walikuja kuliona. Mama alilipokea kwa vidole viwili kama mtu anayepewa kitu cha udanganyifu, akaniambia nilete kikombe. Maji yalikimbia kuliko hata kwenye koti. Hakuamini, akalimwagia tena. Baba alilivaa mwaka mzima na zaidi, na alikuwa anapanda milima nalo kama kijana, kwa kuwa koti la turubai lilikuwa zito na yeye alishaanza kuzeeka.

Lakini baada ya muda yale maji yakaacha kukimbia. Mama alilijaribu na kikombe Jumapili moja akaona maji yanatambaa, yanaenea, jaketi linakuwa jeusi begani. Alisema, "Hili nalo limeona njaa." Na kwa kuwa alijua dawa ya njaa hiyo, alilipaka nta. Alilipaka vizuri kuliko alivyowahi kupaka kitu chochote, ndani ya mishono na nje, akalishikilia juu ya makaa kwa uangalifu, maana lilitaka kujikunja. Lilipopoa lilikuwa gumu, linatoa sauti kama karatasi. Nilimwaga maji na yakakimbia yote. Mama alitabasamu. Mimi pia.

Mtu wa kwetu angefanya nini kingine? Kila nguo tuliyoijua ilikuwa hivyo: ikianza kupitisha maji, unaipaka. Hatukujua kwamba jaketi la namna ile linaachia jasho litoke huku likizuia mvua isiingie, na kwamba lilichotaka ni kufuliwa taratibu kwa sabuni isiyo kali na kupashwa joto kidogo tu, likaamka lenyewe. Hayo tuliambiwa baadaye na dereva wa wageni, na aliyasema kwa huruma, hakututania.

Baba alikwenda nalo Empakai. Waliteremka ziwani na wageni wake, wakapanda kurudi. Ule mlima ni mkali, na jua lilikuwa limetoka. Alipofika juu kwenye ukingo alikuwa ametota ndani ya lile jaketi kama mtu aliyetumbukia mtoni, jasho halikuwa na pa kutokea. Na kule ukingoni upepo haulali. Akasimama kwenye upepo ule kuwasubiri wageni waliobaki nyuma, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Alifika nyumbani siku iliyofuata. Nilikuwepo. Alisimama mlangoni, akafungua zipu, akaangalia pembeni. Mama akaja na mkono wake wa moto. Nje jaketi lilikuwa kavu kabisa, hata vumbi lilikuwa juu yake. Aliingiza mkono, akautoa, akautazama. Kiganja kilikuwa kinang'aa kwa maji.

"Mvua imepita wapi?" akauliza. Alikuwa anaikagua mishono.

Baba alisema polepole, "Haijanyesha, mama."

Alimwita mama kama sisi tulivyomwita. Mama alibaki ameshika mkono wake mmoja kwa mwingine. Nadhani alielewa pale pale, kabla hata dereva hajaeleza chochote, kwa sababu hakuna mtu aliyelijua jaketi lile kuliko yeye. Hakusema "Vua." Baba alivua mwenyewe.

Kichomi kilirudi. Safari hii alilazwa hospitali, na alipotoka hakuwa mtu wa kupanda mlima tena. Akitembea kutoka nyumbani mpaka barabarani alisimama njiani akijifanya anaangalia mahindi ya watu. Kampuni aliyoifanyia kazi ilimweka getini, kwenye kambi yao ya magari, afungue na kufunga. Baba Punda aliendelea na wageni bila yeye. Kila alipopita alileta maziwa, na utani wake ulikuwa umepungua.

Jioni moja nikiwa naosha vyombo niliwasikia jikoni.

"Hukujua," baba alisema.

"Nilijua kupaka," mama akajibu. "Sikujua kuuliza."

"Ungemuuliza nani?"

Jaketi lilitundikwa stoo na halikutoka tena. Wala sikuwahi kumsikia akimlaumu mgeni, au kujitetea. Alirudi kwenye koti la turubai. Sasa baba alikuwa mtu wa getini, chini ya kibanda chenye paa, na bado kila mvua zilipokaribia alitoa kopo lake. Aliendelea kuingiza mkono. Lakini ule mkono ulikuwa umebadilika. Zamani aliuingiza kama mtu anayekagua kazi yake. Baada ya jaketi aliuingiza kama mtu anayeomba asikute kitu.

Mimi niliolewa, nikaja Arusha. Kaka yangu ni dereva, hakai nyumbani. Baba alistaafu, akabaki na mbuzi wake na lile koti, ambalo sasa lingetosha watu wawili kwa jinsi alivyokonda. Mzee wa mizinga alifariki na watoto wake hawakutaka nyuki. Baba Punda alihama na familia yake na mifugo iliyobaki, akaenda mbali, upande ambao simu haishiki vizuri. Siku ya kuaga alimpa baba kiatu kimoja cha tairi. Kimoja tu. "Cha pili nitamwachia fisi," alisema, na wote wawili wakacheka kwa namna ambayo mama aliondoka akaingia ndani.

Mwaka jana mama aliugua tumbo. Ilipojulikana ni nini, ilikuwa imeshaenea. Nilichukua ruhusa kazini nikakaa naye siku chache, nikarudi, nikaitwa tena. Katikati ya hapo, nikiwa huku mjini, masika yalikaribia. Mke wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyemuuguza, alinisimulia. Mama aliomba aletewe kopo na koti. Walimkatalia, akasema, "Kifua cha huyu mzee hakitanisubiri nipone." Wakampashia nta, wakamwekea mto mgongoni. Akaanza kola, akashuka bega la kushoto, mkono wa kushoto, upande wa kushoto wa kifua. Alipaka siku hiyo kidogo, siku nyingine kidogo. Baba alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, amemshikia nguo ibane, kazi iliyokuwa yangu. Kisha siku moja akakirudisha kitambaa ndani ya kopo na kusema amechoka, watamalizia kesho.

Tulimzika mvua ikinyesha. Si ukungu, mvua yenyewe, ya masika, nzito. Watu walijifunika maturubai na ndoo. Baba alikataa mwavuli. Alisimama kwenye ukingo wa kaburi akiwa na lile koti, na mimi nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo niliona kitu ambacho wengine sidhani kama walikiona. Upande wa kushoto, maji yalikuwa yanajikusanya shanga, yanateremka, yanadondoka, kama zile Jumapili. Upande wa kulia yalikuwa yanaingia. Koti lilikuwa jeusi begani, jeusi mkononi, jeusi mpaka chini. Na katikati ya mgongo, chini ya kola, palikuwa na mstari, umepinda kidogo, unaoonyesha mahali mkono wake ulipoishia. Mchungaji alikuwa anasoma. Sikusikia neno. Nilikuwa nautazama ule mstari.

Tulirudi nyumbani. Watu waliingia, wakakaa, akina mama walikuwa wanagawa chakula. Baba hakuingia. Alifika mlangoni, akafungua vifungo vya juu, akasimama akiangalia pembeni.

Watu walimwambia, "Mzee, karibu ndani, utaugua." Hakusogea. Mke wa kaka alisimama na sinia la vikombe, akanitazama. Kwetu mkwe hamgusi baba mkwe wake, na yeye ni mtu mwenye heshima zake. Nikatoka mimi. Nikauingiza mkono kwenye kola kwa nyuma, nikaushusha. Kushoto pakavu. Kulia palikuwa pa kukamua.

"Vua, baba," nikasema.

Alivua. Halafu akasema, siyo kwa kulaumu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Mkono wako wa baridi."

Nilibaki nyumbani mpaka matanga yakaisha. Jua lilipotokea, nilichukua kopo, nikatoa makaa kwenye kigae, nikaketi pale pale ukutani. Baba alinishikia nguo. Nilidondosha tone juu ya ukucha, nikalisukuma, likavunjika. Nikaongeza mafuta, likapakaa. Nikaongeza nta. Nilifanya hivyo mpaka nikaona aibu, na mwisho nikapaka tu. Kazi yangu ilitoka na mabaka meupe kwenye mikunjo, na ule mstari haukufutika. Upande wake na upande wangu unaonekana wazi, hata asiyejua ataona. Nilimmwagia baba kikombe cha maji kwenye bega la kulia. Yalikimbia, siyo yote, lakini mengi. Hakujifanya ana baridi.

Siku moja kabla sijaondoka, manyunyu yalimkuta akiwa na mbuzi. Nilipomwona anakuja kwa mbali niliingia jikoni nikaweka mkono wangu juu ya mafiga, nikaushikilia pale mpaka ukaanza kuuma. Nikatoka nao. Akasimama, akafungua vifungo. Nikauingiza.

"Pakavu," nikasema.

Alifunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha juu.

"Basi nipe chai," akasema.

Nilimimina chai nikiwa nimempa mgongo, na nikachelewa kugeuka.

Sasa vijana wanaopanda na wageni wana majaketi mapya, na wana dawa ya kopo ya kupulizia, wanapuliza mara moja wanaondoka. Sina ubaya nayo, na naamini inafanya kazi, pengine kuliko yetu. Wana viatu ambavyo fisi hatavitaka. Hakuna anayechemsha masega tena kule kwetu, na mimi kopo langu limebaki na nta ya chini tu, labda ya kupaka mkono mmoja wa koti. Sijaigusa. Nikiitumia ikaisha, jikoni kwangu mchana hakutanuka kitu.

Mvua ikianza huku Arusha huwa nampigia baba. Kwanza simu inaita sana, kwa kuwa anaitafuta mfukoni.

"Huko imenyesha?"

"Imenyesha vizuri. Mahindi yamefurahi."

"Ulikuwa nje?"

"Nilikuwa na mbuzi."

"Na koti?"

"Nilivaa."

Halafu kabla sijauliza, anasema mwenyewe: "Pakavu." Anasema haraka, kwa sauti anayotumia mtu anayetaka usihangaike. Nyuma yake nasikia mvua kwenye bati, na baadaye nasikia anakohoa, simu akiwa ameishika mbali.

Nakaa na simu sikioni. Mkono wangu wa kulia huwa umenyooka mbele, juu ya meza, sijui ni lini niliunyoosha.